Mtoto Asiyeitika Aitwapo Jina

(Mazungumzo haya yaliandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu wake.)

Katika nyumba nyingi, za mijini na za vijijini, yumo mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye watu wamekwisha kumkatia hukumu. Huitwa jina lake mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, wala hageuki. Lakini sufuria ikianguka jikoni, au pikipiki ikipita mbali barabarani, yeye ndiye wa kwanza kusikia, na pengine huziba masikio kwa viganja na kulia. Hanyoshi kidole kuonyesha kitu anachokitaka. Humshika mama mkono na kuupeleka mkono huo kwenye kikombe, kana kwamba mkono wa mama ni chombo kama vyombo vingine. Wenziwe wanapocheza kombolela, yeye huketi pembeni akizungusha gurudumu la kigari cha waya kwa saa nzima. Njia ya kwenda dukani ikibadilishwa siku moja, hujitupa chini na kupiga mayowe.

Majirani wana majibu tayari. Wa kwanza husema mtoto amerogwa. Wa pili husema ana pepo. Wa tatu, ambaye hujiona ameelimika zaidi, husema mtoto amedekezwa na mama yake hajui kulea. Wa nne husema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Majibu hayo manne yanapingana, lakini yana jambo moja la kufanana: hakuna hata moja linalomfikisha mtoto kwa mtu awezaye kumsaidia. Na wakati majibu hayo yakitolewa miezi inapita, nayo ndiyo miezi yenye thamani kubwa kuliko yote katika maisha ya mtoto huyo.

Dalili za namna hiyo zikikutana pamoja, huenda mtoto ana hali iitwayo usonji. Walimu na watumishi wa umma ndio watu wa kwanza nje ya ukoo kumwona mtoto huyu: mmoja humwona darasani, mwingine zahanati, mwingine katika ofisi ya kijiji au ya kata. Kwa hiyo hapana budi waijue hali hii, wajue namna inavyotofautiana na kuchelewa kukua kwa jumla, na wajue la kufanya.

USONJI NI NINI

Usonji si maradhi ya kuambukiza, wala si wazimu, wala si adhabu ya Mungu au ya mizimu. Ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Tofauti hiyo huanza mapema sana, aghalabu kabla mtoto hajazaliwa, na humfuata mtu maisha yake yote.

Hutambulikana kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. Mtoto haangalii uso wa anayemsemesha, haitiki jina, haleti kitu ili kukionyesha tu, haigi kazi za watu wazima kama vile kufagia au kupika. La pili ni kurudiarudia mambo na kushikilia utaratibu. Mtoto hupunga viganja, huzunguka, hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja siku nzima, hukataa vyakula vyote isipokuwa kimoja. Kadhalika hisi zake huweza kuwa kali mno au hafifu mno: shati jipya humchoma kama miiba, ilhali akijikata hata halii.

Watoto wenye usonji hawafanani. Wako wasiosema kamwe. Wako wanaosema sana, hata kukariri matangazo ya redio neno kwa neno, ila hawawezi kuzungumza na mtu kwa kupokezana maneno. Wako wenye ulemavu wa akili, na wako wenye akili ya kawaida au ya kupita kawaida. Baadhi yao pia wana kifafa, ambacho kina dawa na kinapaswa kutibiwa. Kwa sababu ya tofauti hizo, wataalamu siku hizi huuhesabu usonji kuwa hali moja yenye upana mkubwa, na mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliyaunganisha majina mbalimbali yaliyokuwa yakitumika yakawa jina moja.

Wala hii si hali ya watu wachache wa nchi za mbali. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Mwalimu mkuu mwenye wanafunzi 1,000 na apige hesabu yake mwenyewe. Asipomwona hata mmoja shuleni kwake, na ajiulize watoto hao wako wapi. Hutambuliwa zaidi kwa wavulana kuliko kwa wasichana, lakini wasichana wengi hupita bila kutambuliwa kwa kuwa ukimya wao huitwa adabu.

MTOTO HUKUA KWA HATUA

Mzazi hawezi kujua kama mtoto amechelewa iwapo hajui wakati wenyewe. Shirika la Afya Duniani liliwachunguza watoto wenye afya wa nchi 5, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza matokeo. Watoto hao, ingawa walitoka katika mabara na desturi mbalimbali, walikua kwa hatua zinazolingana. Karibu wote waliketi bila kushikiliwa kati ya mwezi wa 4 na wa 9, na karibu wote walitembea wenyewe kabla ya kupita miezi 18. Kwa hiyo mtoto anayetembea akiwa na miezi 10 na mwingine anayetembea akiwa na miezi 16 wote ni wazima, na hakuna sababu ya kuwashindanisha. Lakini aliyefika miezi 18 bila kutembea anastahili kuchunguzwa, hata kama bibi yake anasema ana miguu mizito.

Kwa upande wa mawasiliano, ziko alama zinazofaa kukaririwa na kila muuguzi na kila mwalimu wa awali. Mtoto wa miezi miwili huanza kumtabasamia mtu. Atimizapo mwaka mmoja hutoa sauti za "ba-ba, ma-ma", hupunga mkono wa kwaheri, na huanza kunyosha kidole. Kufikia miezi 16 huwa na neno moja moja lenye maana. Kufikia miaka miwili huunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "mama maji" au "baba njoo". Mtoto asiyeyafanya hayo kwa wakati wake asingojewe. Na yule aliyekuwa akisema maneno kumi kisha akayaacha, au aliyekuwa akicheka na watu kisha akajifungia ndani ya nafsi yake, huyo apelekwe kwa mganga wiki hiyo hiyo. Kupoteza ujuzi aliokwisha kuupata si jambo la kawaida katika umri wowote.

Yafaa kuondoa hapa wasiwasi mmoja. Wako wanaosema kwamba mtoto amechelewa kusema kwa sababu nyumbani anasikia Kisukuma au Kihaya, na nje anasikia Kiswahili. Hiyo si kweli. Watoto wa lugha mbili hawachelewi kwa sababu ya lugha mbili. Ila maneno yao yahesabiwe katika lugha zote mbili kwa pamoja. Wazazi wasiambiwe kuiacha lugha yao. Lugha ambayo mama anaimbia na kubembelezea ndiyo lugha bora ya kumfundishia mtoto kusema.

KUCHELEWA KUNA SABABU NYINGI

Si kila mtoto aliyechelewa ana usonji. Mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alipata homa ya manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa, au aliugua uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Huyo huenda amepata mtindio wa ubongo, ambapo viungo hukakamaa au hulegea. Mwingine amezaliwa na ulemavu wa akili. Mwingine ana utapiamlo, naye hana nguvu wala hamu ya kucheza.

Sababu nyingine huzuilika kabisa. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika. Katika miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na tezi la shingo kwa wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipata kinga hiyo wakati wa ujauzito waliendelea mbele shuleni kuliko wale ambao hawakuipata, kwa kiasi cha theluthi hadi nusu ya mwaka wa masomo. Pakiti ya chumvi yenye madini joto ni kitu kidogo dukani, lakini kazi yake huonekana darasani miaka saba baadaye.

Na kabla ya jambo lolote, mtoto asiyesema apimwe masikio. Kiziwi naye haitiki aitwapo. Tofauti ni kwamba mtoto kiziwi kwa kawaida hutumia macho na mikono yake kuwatafuta watu: huashiria, huangalia uso, huvuta nguo ya mama amwonyeshe ndege. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Lakini tofauti hiyo isiwe sababu ya kuacha kipimo, kwani wako wenye hali zote mbili.

LAWAMA ZILIZOTUPWA KWA AKINA MAMA

Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Husema tena, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi zina hekima zikitumiwa mahali pake. Zikitumiwa kwa mama wa mtoto mwenye usonji, huwa ni mawe. Na ni vizuri wasomi wajue kwamba kosa hilo halikufanywa na wanakijiji peke yao. Lilifanywa pia na maprofesa.

Neno lililozaa jina la kitaalamu la usonji lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mnamo 1911, akimaanisha mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Mwaka 1925 Bibi Grunya Sukhareva, daktari aliyefanya kazi Moscow, aliandika habari za wavulana 6 wenye dalili ambazo leo zingeitwa usonji, lakini kazi yake haikusikika sana nje. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaeleza za kwake. Kanner aliona kwamba watoto hao walizaliwa hivyo. Lakini pia aliandika kwamba wazazi wao walionekana baridi. Kutokana na neno hilo kukazuka nadharia kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza nadharia hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na watoto wengi wakatengwa na mama zao eti ili wapone.

Nadharia hiyo ilikuwa ya uongo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, aliandika kitabu cha kuonyesha kwamba chanzo kimo katika maumbile ya mwili. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya wazazi waliokutanika akawatangazia kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wa London walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili; katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Mapacha wa aina zote mbili hulelewa nyumba moja na mama mmoja. Ikiwa malezi ndiyo chanzo, tofauti hiyo ingetoka wapi? Tangu hapo uchunguzi mwingi umethibitisha kwamba urithi una sehemu kubwa, ingawa si sababu pekee.

Hayo yalikwisha kuamuliwa na sayansi zamani. Hata hivyo, wapo hadi leo wanawake wanaoachwa na waume zao kwa kuzaa mtoto wa namna hii, na wapo wanaoambiwa na mawifi kwamba wameleta mkosi katika ukoo. Mtumishi wa umma anayeyajua hayo na kunyamaza, huku akiombwa ushauri barazani, anashiriki katika dhuluma hiyo.

Wako pia wanaolaumu simu na televisheni. Ni kweli kwamba mtoto aliyewekewa simu mkononi kutwa anakoseshwa mazungumzo, na mazungumzo ndiyo chakula cha lugha. Lakini watoto wa Kanner walikuwapo mwaka 1943, kabla televisheni haijaingia majumbani. Simu iondolewe, ila mama asibebeshwe tena lawama kwa jina jipya.

UONGO KUHUSU CHANJO

Mwaka 1998 Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, alichapisha taarifa juu ya watoto 12, akidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Habari hiyo iliwatisha wazazi duniani kote. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba mambo yalikuwa yamepotoshwa. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na daktari huyo akafutwa katika orodha ya madaktari wa nchi yake. Wataalamu wa Denmark waliwafuatilia watoto 657,461, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ukweli uko upande wa pili. Baada ya mlipuko wa rubela uliotokea Marekani katika miaka ya 1960, Stella Chess aliwachunguza watoto 243 ambao mama zao waliugua rubela wakiwa wajawazito. Katika taarifa yake ya mwaka 1971 alieleza kwamba usonji miongoni mwao ulikuwa mwingi kupita kiasi cha kawaida. Chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa tangu 2014, humkinga mama wa kesho na janga hilo. Anayewazuia watoto wasichanjwe kwa hofu ya usonji anafungua mlango ambao chanjo imeufunga.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayeuza dawa ya namna hiyo, iwe ya mizizi, ya chupa au ya kuagizwa ng'ambo, ni mlaghai au amedanganywa. Zimeuzwa hata dawa za kung'arishia nguo ili wanyweshwe watoto, na mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 alifariki baada ya kutiwa mishipani dawa ya kuondoa madini mwilini. Kumfunga mtoto kamba, kumfukiza moshi na kumchanja chale ni katika fungu hilo hilo.

Lakini kukosa dawa si kukosa msaada. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, na mafunzo yakianza mapema huzaa matunda. Huko Uingereza wazazi wa watoto wadogo 152 wenye usonji waliingizwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010. Nusu ya wazazi walifundishwa kwa kuonyeshwa picha zao wenyewe wakicheza na watoto wao, ili wajifunze kuona dalili ndogo ndogo ambazo mtoto hutoa na namna ya kuzijibu. Miaka 6 baadaye watoto wao walikuwa na dalili nyepesi zaidi kuliko wenzao. Njia hiyo ilipelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ikiendeshwa na wahudumu wa afya wa kawaida ambao si mabingwa. Taarifa ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba mawasiliano kati ya wazazi na watoto yaliboreka. Habari hii ina uzito katika nchi ambako mabingwa ni wachache. Kazi kubwa inaweza kufanywa na mzazi aliyefundishwa, akisimamiwa na mhudumu aliyefundishwa.

Yanayofundishwa si mageni. Mzazi huketi chini mbele ya uso wa mtoto. Hucheza kile anachokipenda mtoto, si kile anachokitaka yeye. Mtoto akizungusha gurudumu, naye huzungusha lake, kisha hungoja. Husema maneno machache na mafupi: "Maji. Kunywa maji." Huweka ndizi mahali inapoonekana lakini haifikiwi, ili mtoto apate sababu ya kuomba, na akiashiria kidogo tu hupewa mara moja. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya namna hiyo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye mikutano 9 ya vikundi na ziara 3 za nyumbani. Hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji mkeka, subira na ratiba.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwalimu wa awali au wa darasa la kwanza atampata mtoto ambaye hakai kitini, hajibu swali, hukimbia kengele inapolia, au hupiga kelele paredi inapoanza. Kiboko hakitamponya. Mtoto asiyeelewa kwa nini amepigwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuiogopa shule.

Afanye nini basi, na ana watoto 80 darasani? Yako mambo yanayowezekana hata hapo. Amketishe mahali pamoja kila siku, mbali na dirisha na mlango. Achore ubaoni au katika kadi picha za kazi za siku kwa mpangilio: kusoma, kuhesabu, uji, kucheza, nyumbani, na amwonyeshe kila kazi inapokwisha. Amtaje jina kabla ya kumwagiza, na ampe agizo moja moja. Amwambie mapema kwamba kengele italia, au amruhusu atoke kabla haijalia. Amchagulie mwenzake mpole wa kukaa naye. Na atafute kile anachokipenda mtoto, akitumie kuwa daraja.

Mfano bora wa daraja hilo unatoka kwa mtoto wa kwanza katika taarifa ya Kanner, Donald Triplett wa Forest, Mississippi. Alipokuwa hajatimiza miaka 4 aliwekwa katika taasisi mbali na kwao, naye akadhoofika hadi wazazi wake walipomrudisha. Baadaye alikaa na mkulima mmoja na mkewe. Mtoto alikuwa na shauku isiyokwisha ya kuhesabu na kupima. Wakulima wale hawakumkataza. Walimpa kazi ya kuchimba kisima na kueleza kina chake, na alipopenda kuhesabu mistari ya mahindi walimwacha aihesabu huku akilima kwa jembe la farasi. Alisoma hadi chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, akiheshimiwa na mji mzima. Si kila mtoto atafika huko. Lakini hakuna aliyejua kwamba Donald angefika.

Ziko shule zilizokwisha kuonyesha njia. Jijini Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hupokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wakiwamo wenye usonji. Jijini Nairobi, Shule ya Msingi City ina kitengo cha watoto hao. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini mwalimu wa kijijini asingoje mhitimu wa Patandi afike ndipo aanze.

WAJIBU WA MTUMISHI WA UMMA

Sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikapitisha Sheria ya Mtoto mwaka huo huo na Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Haki ya mtoto huyu kusoma na kutibiwa sawa na wenzake imekwisha kuandikwa. Mnamo Desemba 2021 ilizinduliwa pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Lililobaki ni sheria kuwa kazi, na kazi hiyo hufanywa na watu wenye majina na vyeo.

Muuguzi wa kliniki, anapomaliza kupima uzito na kuchanja, aulize maswali matatu: Anaitika jina? Ananyosha kidole kuonyesha kitu? Anasema maneno mangapi? Maswali hayo hayachukui dakika mbili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hupendekeza kila mtoto apimwe dalili za usonji atimizapo miezi 18 na miezi 24. Afrika Mashariki nayo haikosi vyombo vyake: huko Kilifi, katika Pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto kinachotumia vifaa vinavyopatikana mahali hapo, wakakichapisha mwaka 2008. Afisa Mtendaji wa kijiji, anapoandikisha watoto wa kuanza shule, asiulize tu nani yupo. Aulize pia nani amefichwa. Afisa elimu asikubali barua inayosema mtoto "hafundishiki" bila kueleza nini kilijaribiwa. Ofisa wa ustawi wa jamii amtembelee mama aliyeachwa. Na wote waache kulitumia neno "taahira", kwani mtoto hulisikia, na hata asipolisikia mama yake hulisikia.

Ndugu walimu, na ndugu watumishi wa umma,

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usonji si maradhi, lakini ufichaji ni ule ule. Mtoto aliyefungiwa chumbani kwa aibu ya wakubwa hakosi shule peke yake. Hukosa jua, hukosa majina ya vitu, hukosa rafiki, na anapofika miaka kumi watu huonyesha hali yake kuwa ni ushahidi kwamba hakuwa na maana tangu mwanzo. Ushahidi huo umetengenezwa na waliomfungia.

Yule anayezungusha gurudumu pembeni mwa uwanja yumo katika kata fulani, katika mtaa fulani, na jina lake linafahamika. Kliniki ijayo iko wiki hii au wiki ijayo. Kama muuguzi atauliza maswali matatu, kama mwalimu ataweka kiboko chini na kuchukua chaki, na kama mtendaji atabisha hodi katika mlango uliofungwa, mtoto huyo ataanza safari yake akiwa na miaka miwili badala ya kumi. Ameitwa mara nyingi wala hakuitika. Sasa ni zamu ya wakubwa kuitika.